Wiski Niliyokunywa Bukene

Mimi nina pua. Nasema mapema ili msije mkadhani najisifu baadaye. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mteuzi wa tumbaku, yule mtu anayesimama katikati ya soko la kijijini, anafungua mtumba, anachomoa majani mawili matatu, anayapeleka puani, anayanyoosha kiganjani, kisha anataja daraja. Wakulima hawakuwa wananitazama mikono, walikuwa wananitazama uso. Nikikunja kipaji cha uso tu, mama mmoja kule nyuma ananiporomoshea matusi kwa Kinyamwezi akidhani sielewi. Nilikuwa naelewa kila neno, ni lugha ya mama yangu.

Nilipostaafu na kurudi kwangu Itetemia, hapa Tabora, pua ikabaki haina kazi. Mke wangu anasema ndipo nilipoanza kuwa kero, kwa sababu nilikuwa naingia jikoni kumwambia kuwa vitunguu vimepitiliza. Kilichotuokoa yeye na mimi ni baraza la Jumamosi.

Baraza letu lina watu wanne na viti vinne. Linakaa kwa mkunga mstaafu, mama wa Kikatoliki mwenye sauti nzito ya kwaya, ambaye mtaani kwake hawezi kwenda sokoni bila kuamkiwa na watu wazima aliowapokea wakiwa watupu. Tunakutana saa kumi jioni, Jumamosi moja tunakutana, nyingine tunaruka, kwa sababu ile ya kuruka ana mazoezi ya kwaya. Wa pili ni mwalimu wa kemia, mdogo kuliko sisi wote, bado yuko kazini na bado ana nywele. Wa tatu ni fundi wa karakana ya reli, mstaafu kama mimi, rafiki yangu tangu tulipokuwa vijana wawili tunaolala chumba kimoja na kupokezana shati la kuendea harusini. Majina hatuitani. Ni Mkunga, Mwalimu, Fundi na Mteuzi, na kwa umri huu hata mwenyewe nikiitwa kwa jina langu nageuka kutazama nani anaitwa.

Kinachotukutanisha ni wiski. Hatulewi. Mkunga humimina mwenyewe, kwa kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi ya watoto, na hakuna anayepata zaidi ya viwili. Anayetaka kulewa, anasema, baa zimejaa mjini, aende huko akaimbe. Chupa yenyewe huletwa na yeyote aliyebahatika, na ikikosekana tunakunywa ya dukani iliyo kila mahali na kuitukana kwa upendo.

Lakini kabla chupa haijafunguliwa kuna taarifa. Hilo ndilo jambo tunaloliita baraza. Kila mmoja anasema, tangu tulipoachana, amekunywa wiski gani, kwa nani, na ilikuwaje. Kama alimtembelea shemeji Nzega akamiminiwa kitu, atuambie. Kama alikwenda mazishini kule Choma na huko, baada ya kuzika, mjomba mmoja akatoa kichupa kwenye koti, atuambie, na atuambie kwa kirefu, maana sisi wengine hatukuwepo na tunataka kunywa kwa masikio.

Mwanzoni Mwalimu alikuwa anasoma simu. Akionja kidogo, anatoa simu anatusomea kwamba humu mna vanila, ganda la chungwa la Uhispania, na moshi wa udongo wa huko huko kwao. Siku moja Fundi akamuuliza kwa upole, “Mwalimu, huo udongo umeunusa lini?” Mwalimu akakiri hajawahi. Ndipo tukatunga sheria kwamba neno la kwenye lebo au la kwenye simu ni marufuku. Ukisema wiski inanukia kitu, kiwe kitu ambacho wote wanne tumekinusa kwa pua zetu wenyewe. Kwa hiyo kwetu hakuna wiski ya vanila. Ipo ya nta ya mzinga mpya. Ipo ya grisi ya mabehewa. Ipo moja, aliyokuja nayo mtoto wa Mkunga kutoka safari, ambayo tulikubaliana wote, hata mimi Mmoraviani, kwamba inanukia kanisa la Wakatoliki baada ya misa ya mazishi, na Mkunga akafanya ishara ya msalaba kabla ya kuimeza.

Sheria ya pili haikuhitaji kutungwa, ilikuwepo yenyewe. Hutoi taarifa ya kitu ambacho hukukinywa. Zamani tulikuwa watano. Wa tano, bwana mmoja wa biashara ya mbao, alituletea chupa ya kifahari kumbe ndani amejaza ile ya dukani. Niliijua kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nilisimama, nikasema maneno makali kuhusu uongo na watu wazima, nikatoa hoja aondolewe, na akaondolewa. Tukikutana naye mjini tunasalimiana vizuri kabisa, lakini kiti chake Mkunga alikirudisha ndani, na sasa kinakaliwa na cherehani.

Sasa mnaelewa kwa nini niliogopa.

Mwaka jana nilikwenda kliniki ya presha nikiwa na kizunguzungu tu. Daktari ni binti mdogo, anaweza kuwa mjukuu wangu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akanipima hiki na kile, akanirudisha siku nyingine kwa majibu, kisha akaniambia bila kupepesa macho kwamba presha imepanda, ini limechoka, na pombe basi. Nikamuuliza kama basi maana yake nipunguze. Akasema, “Babu, basi maana yake basi. Hata tone.” Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi na karatasi yangu ya dawa, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, hakikuwa mke wangu wala watoto. Kilikuwa kile kiti cha barazani.

Ningeweza kuwaambia. Wangesema pole, wangeniwekea soda. Lakini nilijiona nimekaa pale na soda yangu, taarifa ikizunguka, ikifika kwangu inanipita na kwenda kwa mwingine kwa adabu, namna watu wanavyompita mgonjwa. Baadaye wangeanza kunionea huruma na kunywa haraka haraka ili wasinitamanishe. Baadaye ningeacha kwenda mwenyewe. Sikuwa tayari. Nilikuwa mzee mwenye kiburi na nilikuwa naogopa, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja mtu hufanya upuuzi.

Upuuzi wangu ulianza vizuri sana. Jumamosi ya baraza iliyofuata niliingia na kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi mfukoni, kimeoshwa na kukaushwa. Mkunga aliponimiminia, nilinusa kwa muda mrefu, nikaimimina ndani ya kichupa, nikakifunga. Nikawaambia nimerudia utaratibu wa kazini. Mteuzi wa kweli, nikasema, hahukumu sampuli mbele za watu, anakwenda nayo chumbani, ananusa leo, anaonja kesho akiwa ametulia. Ni uongo mtupu. Kazini nilihukumu mbele ya kijiji kizima, kwenye jua. Lakini Mwalimu aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema hiyo ni sayansi, na Fundi akaniunga mkono kama anavyoniunga mkono siku zote. Mkunga peke yake alinitazama kidogo, akaenda kuleta karanga.

Vile vichupa nilivipanga nyumbani kabatini, kila kimoja na kikaratasi chake. Mke wangu, ambaye alijua amri ya daktari na aliamini nimewaambia wenzangu siku ile ile, nilimwambia ni vya Mwalimu, vya majaribio ya shuleni. Kwa hiyo nikawa nadanganya pande mbili, na usingizi nilikuwa napata.

Tatizo lilikuwa taarifa. Tangu tulipoachana nimekunywa nini? Mara ya kwanza nilitoa kumbukumbu ya zamani, nikaifuta vumbi, nikasema ni ya juzi. Mara ya pili pia. Ya tatu nikaona akiba inakwisha, na kibaya zaidi zilikuwa hazina ladha, kwa sababu kitu ulichokinywa miaka kumi iliyopita huwezi kukisimulia kama kingali kwenye ulimi. Nikaamua kutengeneza mpya. Na kwa kuwa sheria ilitaka vitu tunavyovijua kwa pua, nikatoka nyumbani kwenda kuvitafuta.

Nilizunguka Tabora yote na pua yangu. Nilikwenda kwa mshona viatu nikakaa naye asubuhi nzima kwa sababu ya gundi na ngozi iliyolowa. Nilisimama kwenye meza za dagaa wa Kigoma hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua au nasali. Nilipita stesheni jua kali likiwa linayachemsha mataruma ya zamani, yale ya mbao yanayolala chini ya reli, yaliyolundikwa pembeni, na ile lami iliyomo inatoka jasho. Nilikwenda hadi kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, ya mkulima mmoja aliyekuwa ananilaani zamani, tukacheka, akaniruhusu niingize kichwa.

Na nilikwenda kwenye duka la udi. Lipo sokoni, la familia ya Kiarabu ambayo iko Tabora tangu enzi za misafara, wakati meno ya tembo yanapita hapa kwa mabega ya watu kwenda pwani. Siku hizi analikalia bi mkubwa mmoja mwenye miwani minene. Alidhani nachagua zawadi ya mke wangu. Nilipomwambia natafuta maneno tu, alicheka, akasema maneno hauzi lakini nikae. Alichoma kipande cha udi, nikanusa, nikasema haraka kinanukia nini. Akasema, “Una haraka ya nini, mzee wangu? Ya kwanza ni moshi. Geuza uso, hesabu kumi, ndiyo unuse.” Nikageuza uso, nikahesabu, nikanusa, na humo ndani nikakuta kitu kama mti mbichi uliopasuliwa alfajiri. Miaka thelathini ya kazi, na hakuna aliyewahi kunifundisha kugeuza uso. Sikumwambia maneno yanakwenda wapi. Namheshimu yeye na dini yake, na pia sikutaka kufukuzwa dukani.

Nitasema ukweli hata kama haunipendezi. Ulikuwa mwaka mzuri. Nilikuwa natembea, napumua, nachokozwa na kila kitu, na presha ilishuka. Taarifa zangu zikawa bora kuliko zile za kweli. Jumamosi ikifika zamu yangu, Mwalimu anaweka simu chini, Mkunga anaacha kumenya karanga, na Fundi anafumba macho. Fundi mwenyewe kwa maneno ni maskini wa kutupwa. Taarifa yake tangu baraza lianze ni ile ile, “Nzuri. Imeshuka.” Lakini kwa kusikiliza hana mfano.

Ndipo nikaenda Bukene, yaani sikwenda.

Nilisema nilialikwa harusini Bukene. Nilisema mjomba wa bwana harusi, mzee mmoja kimya mwenye suti ya kahawia, alinivuta nyuma ya turubai akanimiminia kutoka kwenye chupa iliyochanika lebo. Nikasema ukiipeleka puani mara ya kwanza, ni bani la tumbaku siku ya nne, jani limeshakuwa njano lakini uti wake bado una maji, ule utamu unaokaba kidogo. Ukigeuza uso ukahesabu kumi, ni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani, mama anaifunua chunguni na mvuke unakupiga usoni. Na ukishameza, nikasema, subiri. Linakuja tone moja la mvua ya kwanza kwenye kokoto za reli.

Mkunga akasema, “Yesu wangu.” Mwalimu akaniuliza jina lake, nikamkumbusha kwamba lebo ilichanika. Nilikwenda nyumbani najisikia mrefu.

Nilichosahau ni kwamba Fundi ni mtu wa karakana. Ukimwambia mashine inagonga, haridhiki na maelezo, anataka kuiona. Wiki ile ile, bila kutuambia, alipanda treni ya Mwanza akashuka Bukene. Bukene si mji mkubwa, ni stesheni, maduka, na watu wanaorudi mashambani. Akaanza duka moja hadi jingine, mstaafu mwenye kofia ya zamani ya reli, anauliza kama wana wiski inayonukia michembe. Mmoja alimwambia michembe ipo, ajaribu kuichovya. Mwingine alimwita mkewe aje asikie. Akaacha maduka akaanza kuulizia harusi. Akaulizia mzee mwenye suti ya kahawia. Alioneshwa watatu, na mmoja wao alikuwa mchungaji. Treni ya kurudi haikuwa siku ile wala ya pili, basi akalala nyumba ya wageni, akaendelea kuuliza kesho yake, mwishowe akarudi kwa basi la Nzega akiwa mwekundu kwa vumbi.

Hakwenda kwake. Alishukia kwangu moja kwa moja ili anipate nimwelekeze vizuri nyumba ya yule mjomba. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwenye mataruma yangu. Mke wangu alimpa maji ya kunawa na akamuuliza ametoka wapi. Akasema Bukene, kule nilikokwenda harusini. Mke wangu akasema, “Harusi gani, shemeji? Sisi Bukene tuna miaka hatujafika.” Kisha, kwa kuwa Fundi na Mwalimu ni wa baraza moja, akafungua kabati akamwomba amfikishie Mwalimu vile vichupa vyake, maana anataka kuweka vyombo.

Nilimkuta Fundi amekaa sebuleni kwangu. Vichupa vyote amevipanga mezani mbele yake kwa mstari, kwa tarehe, kama alivyokuwa anapanga vipuri. Vyote vimejaa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na uso ambao sitausimulia. Nikaanza kueleza. Daktari, ini, presha, kiti. Maneno yaliyonitii mwaka mzima siku ile yalinikimbia yote.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atazungumzia treni, au wale wazee watatu wa suti. Hakuzungumzia.

“Mwaka mzima,” akasema, “mimi nanyanyua kikombe nakutazama wewe. Kumbe nakunywa peke yangu.”

Akachukua mfuko wake, akavitia vichupa vyote ndani kimoja kimoja, akamshukuru mke wangu kwa maji, akaondoka. Mimi hakuniaga. Kwa miaka yote tuliyojuana, hata siku tuliyogombania msichana mmoja wa posta tukiwa vijana, Fundi hakuwahi kuondoka bila kuniaga.

Jumamosi ya baraza ilipofika, nilikwenda nikiwa na hotuba. Kiti cha Fundi kilikuwa kitupu. Niliwaambia Mkunga na Mwalimu kila kitu, nimesimama, jinsi nilivyosimama siku ya yule bwana wa mbao, na nilijisikia vibaya kugundua kwamba nakumbuka maneno yangu ya siku ile yote. Mwalimu alishika mdomo. Nadhani alitaka kucheka, na mwishowe alicheka, akaomba radhi, akauliza kama ile mvua kwenye kokoto niliitunga mwenyewe. Mkunga hakushangaa hata kidogo.

“Nilijua tangu kichupa cha pili,” akasema. “Mimi nimefanya kazi na wanaume wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi. Anayekunywa namjua kwa pumzi, na asiyekunywa pia.”

“Mbona hukusema?”

“Nikuaibishe ili nipate nini? Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe, na ukachelewa mpaka mtu kapanda treni.”

Nikawauliza kama nitoke. Mkunga akasema sheria ipo na mimi ndiye niliyeipigia kelele kuliko wote. Lakini akasema pia kwamba si yeye wala Mwalimu aliyezunguka Bukene akichekwa. Kiti changu anacho Fundi. Akisema nitoke, natoka. Akisema nibaki, nibaki hata nikinywa uji. Hadi atakapoongea, nisije.

Nilikwenda kwa Fundi Jumapili baada ya ibada. Alikuwa uani ananoa msumeno. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kunoa. Nikamwambia hata kama kiti nimekosa, sitaki kumkosa yeye. Niliyasema hayo kwa sauti, mbele ya mkewe na kuku wake, mimi ambaye kwa kawaida mambo ya moyoni nayasema kwa kutania. Akaukagua msumeno juani, akaona sehemu haijakaa sawa, akarudia. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima sikunusa kitu.

Jumanne ni siku yangu ya kliniki. Benchi la kusubiria liko nje kwenye ukumbi, na wanaokaa pale ni watu wazima tu, kila mtu na bahasha yake. Nilipofika nikamkuta Fundi amekaa katikati, kofia gotini, amenishikia nafasi.

“Nani kakwambia?” nikamuuliza.

“Shemeji.”

Nikakaa. Mzee wa pembeni yangu alikuwa ameanza kusinzia. Kisha Fundi akakohoa, akatazama mbele, akaanza kuzungumza na ukuta.

“Juzi nimekunywa kile kichupa chako cha kwanza,” akasema. “Kile chenye karatasi ya Januari.”

Nikasubiri. Nilijua kinachofuata ni “Nzuri. Imeshuka.” Lakini hakusema hivyo. Nilimwona anakunja ngumi juu ya goti kama mtu anayefungua nati iliyokamata kutu.

“Kuna kitu kama… asubuhi unafungua karakana. Imefungwa toka Ijumaa. Mafuta yapo, lakini ya baridi.” Akanitazama kwa mara ya kwanza. “Ndiyo yenyewe au siyo?”

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Niliipata yote, hadi komeo la mlango. Lakini kwa ubishi tu nikamwambia amesahau utamu, kile kichupa kina utamu kwa nyuma, ganda la ndizi mbivu. Akasema hakuna ndizi. Nikasema ipo, aligeuza uso? Akasema ageuze uso kwa nini, anakunywa au anavuka barabara? Sauti zikapanda. Mzee aliyekuwa anasinzia akafumbua macho akauliza tunazungumzia nini, na tulipomwambia, akasema yeye amekatazwa mwaka wa saba huu, lakini ya mwisho aliyoinywa, kwenye ubatizo wa mjukuu, ilikuwa na moshi wa mkaa wa mti wa mkola. Mama mmoja wa upande wa pili akasema kama ni hivyo yeye hakuwahi kunywa wiski, ila pombe ya asali aliyoitengeneza bibi yake angeweza kutusimulia hadi jioni. Akatusimulia. Benchi zima likageuka upande wake, bahasha zikawekwa chini, na muuguzi alitoka mara mbili kutuomba tupunguze sauti.

Nilipoitwa ndani, Fundi alisimama na mimi. Nikamwambia zamu ni yangu. Akasema anajua. Akaingia, akapeleka mkono kuvua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua, akaikunja, akamsubiri daktari amalize kuniamkia.

“Daktari,” akasema, “huyu ni mwenzangu. Kunywa umemkataza na hatanywa, mimi mwenyewe nitamlinda. Nauliza hivi. Akikaa na sisi akainusa tu, halafu mimi nikainywa akaniambia ninakunywa nini, kuna ubaya?”

Daktari alinitazama, akamtazama yeye. Alikuwa anajikaza asicheke.

“Kunusa? Anuse, babu. Anuse anavyotaka. Asimeze tu.”

“Basi,” akasema Fundi. Akanigeukia. “Umesikia. Jumamosi ya baraza, na usichelewe.”

Mwaka mzima nilikuwa na swali hilo na sikuwahi kuliuliza, na ndani ya chumba kile halikuchukua hata muda wa kukunja mkono wa shati. Daktari akanifunga kile kitambaa cha presha, akakijaza upepo, akasoma, akakunja uso. Imepanda, akasema, na mara iliyopita ilikuwa nzuri. Kisha akanitazama vizuri, akakifungua kitambaa taratibu, akaniambia tusubiri kidogo apime upya, kwa sababu huwezi kumpima mtu presha huku analia.